Marafiki wa Likizo: Urafiki wa Ujana Wetu wa Intaneti na Mahusiano Yetu ya Leo

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wahitimu wa shule yetu, jijini Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu mliotulea, wazazi mliofika, kaka zangu na dada zangu, pamoja na watoto wetu mnaosikiliza kutoka pale pembeni: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Kamati iliponiomba nizungumze juu ya urafiki, ilinipa uhuru wa kuchagua upande ninaoufahamu. Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wanandoa, ndugu na marafiki walioshindwa kuelewana. Katika kazi hiyo nimewasikiliza watu wengi wa rika letu, yaani sisi tuliokuwa sekondari kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2008 hivi, na nimefikia kuamini jambo moja ambalo leo nitalieleza kwa kirefu. Sisi tulijifunza kumfungulia moyo mtu ambaye hatutazami usoni, tena mahali ambapo kuondoka kulikuwa rahisi mno. Ujasiri ule ulikuwa wa kweli, na ninawaomba msikubali kuambiwa kwamba ulikuwa mchezo wa kitoto. Lakini ujasiri ule tuliuingiza katika ndoa, katika udugu na katika kazi bila kujiuliza utafanyaje kazi pale ambapo mwenzako amekaa mbele yako na hakuna wa kuondoka.

Mnaikumbuka intaneti kafe? Mnakumbuka kompyuta zilizopangwa ukutani, kimbao chembamba kikitenganisha mtu na mtu, na kijana wa pale mlangoni aliyekuwa akiandika muda wako kwenye daftari? Hapa mjini saa moja ilikuwa kati ya shilingi 500 na 1,000, na mikoani mara nyingi ilikuwa zaidi. Nchi yetu ilikuwa bado inategemea setilaiti, kwa kuwa mkongo wa kwanza wa baharini, ule wa SEACOM, ulianza kazi Julai 2009, na kwa hiyo nusu nzima ya muda ulioulipia ingeweza kwisha ukisubiri ukurasa ufunguke. Mwanafunzi angepata wapi fedha za kukaa peke yake? Tulikwenda wawili au watatu, tukachanga, tukabanana kwenye kiti kimoja. Mmoja aliandika, mwingine alimwambia cha kuandika, wa tatu alitazama saa. Barua iliyokwenda kwa mvulana wa shule nyingine ilitungwa na wasichana watatu, na jibu lake lilisomwa na wasichana watatu.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu maelezo mengi tunayoyasoma kuhusu vijana wa miaka ile yametoka Marekani. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika kaya 73 za Pittsburgh, wakaeleza kwamba watu waliotumia intaneti zaidi walionekana kupungukiwa na maongezi ya nyumbani na kuongezewa upweke kidogo. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Iliyoenea kidogo sana ni habari ya mwaka 2002, pale watafiti wale wale waliporudi kwa watu wale na kukuta kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo yalikuwa yametoweka. Lakini hata utafiti ule wa kwanza ulihusu nyumba zenye kompyuta yake. Kwetu sisi, wengi wetu, intaneti ilikuwa safari ya mjini na marafiki. Rafiki wa mbali aliyekuwa kwenye skrini alituunganisha kwanza na rafiki wa karibu aliyekuwa ametuegemea bega.

Na kutoka kwenye kiti kile kimoja tulibeba jambo ambalo ninakutana nalo ofisini hadi leo. Jambo hilo ni nywila.

Nitawasimulia habari ya mume na mke, nikiwa nimebadilisha yale ambayo yangewatambulisha. Walikuja kwangu wakigombania simu. Mke alidai ajue nywila ya simu ya mumewe, mume akakataa kabisa, na ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kutoa hukumu kwamba bila shaka kuna mwanamke mwingine. Nilimwuliza mke kwa nini nywila ina uzito kiasi kile. Hakunijibu kwa habari ya wanawake wengine. Aliniambia kwamba alipokuwa kidato cha tatu, rafiki yake mpenzi alikuwa na nywila ya barua pepe yake, naye alikuwa na ya rafiki huyo, na kila mmoja aliweza kumfungulia mwenzake sanduku na kumsomea kwa simu ya mezani kilichoingia. Kwake yeye, anayekupenda hakufichi. Nilipomgeukia mume, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba yeye barua yake iliwahi kuchapishwa na mwenzake pale kafe, ikapelekwa bwenini, ikasomwa kwa sauti mbele ya wavulana wote. Tangu siku ile, kwake yeye, anayekupenda anakuachia chumba chako.

Je, kati ya hawa wawili nani alikuwa mwongo? Hakuna. Walikuwa wameishi katika zama zile zile na kutumia mashine zile zile, lakini mmoja alifunzwa kwamba siri ni usaliti na mwingine alifunzwa kwamba siri ndiyo usalama. Waliishi pamoja miaka mingi bila kuambizana habari hizo. Waliondoka ofisini bila kupeana nywila, lakini mume alikuwa ameanza kumsimulia mkewe habari ya lile bweni, na mke alikuwa akimsikiliza.

Sasa naomba tuende kwenye jambo la pili, ambalo kwa wahitimu wa shule ya bweni kama sisi ndilo lenye uzito zaidi.

Simu zilikuwa marufuku shuleni, na kompyuta, pale zilipokuwapo, hazikuwa za kuandikia marafiki. Kwa hiyo maisha yetu ya intaneti yalikuwa ya likizo. Yalianza Juni, yakakatika Julai. Yakaanza tena Desemba, yakakatika Januari. Katikati palikuwa na miezi ya kimya. Na kimya kile kilikuwa na hatari yake, kwa sababu masanduku ya barua pepe ya bure ya wakati ule yalikuwa madogo kupita kiasi: la Hotmail lilikuwa na megabaiti 2, la Yahoo megabaiti 4, kiasi ambacho leo picha moja ya simu inakijaza. Sanduku likijaa, ilikulazimu uchague barua ya kufuta. Tena ukikaa muda mrefu bila kulifungua, barua zote zilifutwa zenyewe. Fikirini kijana wa miaka 16 anayetoka shuleni mwezi Juni, anapanga foleni kafe, anaingiza jina lake, na anakuta sanduku tupu.

Dada mmoja ambaye tulikuwa naye hapa shuleni alikuwa na dawa ya hilo. Kila likizo alinakili barua za rafiki yake kwenye daftari la mazoezi, kwa mkono, neno kwa neno, kwa sababu kuchapisha kila ukurasa kulikuwa na gharama yake. Rafiki huyo alikuwa msichana wa Tanga waliyekutana kwenye vyumba vya maongezi vya Yahoo, na dada yetu huyu nyumbani kwao ni Songea. Hawakuwahi kuonana. Mama yake alimwambia wazi kwamba anapoteza wakati, na akamkumbusha ambacho wazee wetu wote wangetukumbusha, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwaka 2009 dada huyu alifiwa na baba yake. M-Pesa ilikuwa imeingia nchini mwaka mmoja tu kabla, na watu wengi walikuwa bado hawaiamini. Usiku wa kuamkia maziko, kabla wajomba hawajafika na kabla kamati ya msiba haijaketi, rambirambi ya kwanza kuingia ilitoka Tanga. Ilifuatiwa na ujumbe uliogawanyika vipande vingi, maana kila ujumbe wa simu una mwisho wa herufi 160, na ujumbe ule ulitaja mambo ambayo marehemu alimfanyia binti yake utotoni, mambo ambayo hakuna mwombolezaji mwingine aliyeyajua. Alijuaje? Alikuwa amesoma habari za mzee yule katika barua za binti yake, likizo baada ya likizo, kwa miaka minane.

Kaka zangu na dada zangu, ninataka mtambue uwezo tulioupata kutoka kwenye urafiki wa namna hii. Tulipata uwezo wa kustahimili pengo. Wengi wetu tunao marafiki ambao hatujazungumza nao mwaka mzima, na siku tukikutana tunaendelea pale tulipoishia bila kudaiana maelezo. Huo ni utajiri. Nimekutana na vijana wa leo ambao jibu likichelewa saa mbili wanaona urafiki umekwisha, na ninawahurumia, kwa sababu hakuna aliyewapa nafasi ya kugundua kwamba mtu anaweza kunyamaza miezi mitano na bado akakupenda.

Lakini uwezo huo una upande wake mwingine, na lazima niuseme. Tumezoea kudhani kwamba kimya hakimuumizi mtu. Tunasafiri kikazi, tunakaa siku nne bila kupiga simu nyumbani, tunarudi tukitegemea kuendelea pale tulipoishia. Mke ambaye ni mdogo kwetu kwa miaka kumi, mdogo wetu wa mwisho, binti yetu aliyeko chuo, hao hawakulelewa na likizo. Wanaona vitiki viwili vya bluu na kujua kwamba umesoma. Kimya chako kwao si pengo, ni jibu. Je, umewahi kumweleza mtu wa nyumbani kwako kwamba wewe unaponyamaza hujaondoka? Wengi ninaowauliza swali hili hawajawahi kufanya hivyo.

Jambo la tatu linahusu maandishi, na hapa nitaanza na hadithi.

Mwalimu mmoja wa Mwanza alimpata mkewe kwa kuandikiana. Walikutana ana kwa ana mara chache sana kabla ya posa, lakini walikuwa wameandikiana karibu kila wiki kwa miaka miwili, naye aliandika vizuri, kwa upole, kwa kina, akieleza hofu zake na mipango yake. Walioana. Ndani ya nyumba mwanaume huyu akawa mtu wa maneno machache: chakula kiko wapi, watoto wamelala, kesho naondoka mapema. Lakini kila aliposafiri, ile sauti ya zamani ilirudi. Usiku akiwa nyumba ya wageni alituma ujumbe mrefu, wenye joto, wenye kuuliza na kuomba radhi. Akirudi, sauti ile ilibaki huko alikotoka. Mkewe alipokuja kuniona hakulalamika kwamba hapendwi. Alisema, “Mimi ninamtaka yule anayeniandikia. Huyu anayelala hapa simjui.”

Mtaalamu wa mawasiliano Joseph Walther aliandika mwaka 1996 kwamba mawasiliano ya maandishi kwa njia ya kompyuta yanaweza kuzaa ukaribu mkubwa kuliko hata ule wa ana kwa ana. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mwandishi ana muda wa kuchagua maneno na kuficha kigugumizi chake. Msomaji naye, kwa kuwa haoni mengine, huyajaza mapengo kwa wema. Sisi Waswahili hatukuhitaji kompyuta kujua kwamba neno zito hupita kwa urahisi zaidi pasipo macho ya kutazamana. Ndiyo maana tulikuwa na mshenga, na ndiyo maana mwali alikuwa na somo, yaani kungwi, wa kumwambia yale ambayo mama hayasemi. Tofauti ni kwamba mshenga kazi yake ilikwisha siku ya ndoa, na kuanzia hapo wawili walilazimika kusema wenyewe. Skrini haikuwahi kutuaga. Mtu wa rika letu anaweza kukaa kwenye kochi moja na mkewe na bado akamtumia ujumbe wa kuomba msamaha, kwa sababu kinywa chake hakijawahi kufunzwa kazi hiyo.

Mimi sisemi aache kuandika. Nilimwambia mwalimu yule aandike, tena akiwa nyumbani, na kisha amsomee mkewe kwa sauti yake mwenyewe. Mara ya kwanza alishindwa kumaliza ukurasa. Mkewe aliniambia baadaye kwamba kule kushindwa ndiko kulikomgusa kuliko maandishi yote ya miaka ile miwili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Nalo ni kupotea.

Ni wangapi kati yenu mliwahi kuwa na rafiki wa kuandikiana ambaye hamjui alikwenda wapi? Ninaona mikono mingi. Hamkugombana naye, hakufariki kwa mnavyojua, na hamkuagana. Alisahau nywila. Kafe ya mtaani kwao ilifungwa. Alihama, alibadilisha laini ya simu. Sote tulihamia kwenye mitandao mipya, Hi5 ikaachwa ukiwa, na wengine hawakuhama nasi. Tarehe 17 Julai 2018 Yahoo Messenger ilizimwa, na mazungumzo ya ujana wa watu wengi sana yakazimwa pamoja nayo. Mtaalamu wa familia Pauline Boss, ambaye ameitumia kazi yake yote kusoma hasara za aina hii, anaeleza kwamba kumpoteza mtu bila kujua kama amepotea kweli ni huzuni ngumu kuliko nyingine, kwa kuwa haina siku ya maziko. Hakuna anayekupa pole. Wewe mwenyewe unaona haya kulia.

Lakini sisi hatukuachwa tu. Na sisi tuliacha. Tulijifunza mapema sana kwamba mahusiano yana mlango wa kutokea ambao haulii unapoufungua. Mtu akikuudhi kwenye chumba cha maongezi ulitoka, ukaingia tena kwa jina lingine. Ukiona aibu kwa uliyoyasema, ulifungua anwani mpya. Nimemshauri mwanaume wa miaka 41, mcha Mungu, mchapakazi, ambaye katika maisha yake hajawahi kumaliza ugomvi hata mmoja na rafiki. Zamani, kabla laini hazijasajiliwa kwa alama za vidole, alikuwa anabadilisha namba. Leo anajitoa kwenye kundi la WhatsApp, anamfungia mtu asimpate, na anaendelea na maisha. Marafiki aliopoteza kwa njia hiyo ni wengi, na kila mmoja wao angesuluhishwa naye kwa nusu saa ya maongezi. Nilipomwuliza kwa nini hasemi, alinijibu kwa unyoofu: “Sijui watu wanaanzaje.” Hakuwa na kiburi. Hakuna mahali popote katika ujana wake ambapo alilazimika kubaki chumbani na mtu aliyemkasirikia.

Ninyi mnaosimamia kamati, mnaolea vijana makazini, mnaoshauri wanandoa kanisani na msikitini, naomba mlijue hili kabla hamjamhukumu mtu anayenyamaza na kuondoka.

Nimalizie na wazazi wenye watoto wa umri tuliokuwa nao sisi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, akiwemo Joseph Allen, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 169 kwa miaka kumi, kuanzia wakiwa na miaka 15. Waliokuwa na rafiki wa karibu wa kweli wakiwa na miaka 15 walipofika 25 walikuwa na wasiwasi mdogo mbele za watu na walijithamini zaidi. Waliokuwa wakipendwa na wengi shuleni, lakini bila ukaribu huo, wasiwasi wao ulikuwa umeongezeka. Na kule Uholanzi, Patti Valkenburg na Jochen Peter walieleza mwaka 2007, baada ya kuwauliza watoto na vijana 794, kwamba waliochati na marafiki ambao tayari walikuwa nao walijisikia kuwa karibu nao zaidi.

Kwa hiyo mtoto anapokaa na simu, msimwulize kwanza ana saa ngapi humo. Mwulizeni kuna nani humo. Mwulizeni kama yupo mmoja ambaye angemwambia akiwa na shida usiku. Akimtaja, ulizeni habari zake kama mnavyouliza habari za jirani, mkumbuke jina lake, na likizo ikifika, kama wazazi wa upande wa pili wanajulikana na ni watu wa kuaminika, mruhusuni aje nyumbani ale chakula. Na siku mtoto huyo atakapogombana na rafiki yake, na atagombana, kaeni naye mpaka ampigie simu. Msimpigie ninyi, wala msimwachie atume alama ya kucheka na kulimaliza hivyo. Kaeni naye asikie sauti ya mwenzake ikiwa na hasira, ajibu, akosee neno, arudie.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa muda ulionipa, na ninawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Naona dada yetu wa daftari yuko nasi ukumbini, na ameniruhusu kuwaambia kwamba rafiki yake wa Tanga amekaa pembeni yake. Kama mna maswali, naomba tuanze na walioketi nyuma.